Sauti ya Murugi, Sura ya Sophie

S.L.P. 1187,
Nyeri.
5 Agosti 2025

Mpendwa dada yangu Murugi,

Salamu nyingi kutoka hapa Gatitu. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu, kidonda cha koo kimefunga na chakula kigumu kinapita. Tangu siku binti yako Wachuka alipotupigia simu kusema upasuaji umekwisha salama, mke wangu Kabura amekuwa akikuombea asubuhi na jioni kwa sauti ya juu, hata majirani wote sasa wanajua tezi ni kitu gani. Je, unalala vizuri? Bado unazungumza kwa kunong'ona? Daktari anasema sauti itarudi, au ndiyo imekwenda?

Sisi tu wazima kwa kadiri ya umri. Sukari yangu hupanda na kushuka ipendavyo, na goti la kushoto linatangaza mvua kabla ya redio. Baridi ya mwaka huu imetukomesha. Tangu katikati ya Juni mlima hatujauona, nguo zinakaa kambani siku tatu, na mimi kutwa niko jikoni nimeukumbatia moto. Kabura anasema nimegeuka paka.

Ndugu yetu Mwai wa Kiriaini amepata mjukuu wa saba na amekata ile mikahawa ya baba akapanda parachichi. Nilinuna siku mbili, kisha akaniletea gunia, nikanyamaza.

Barua yako ilifika mwezi wa Mei. Najua umekuwa ukijiuliza kwa nini sijibu. Ningeweza kusingizia sukari, goti au hiyo baridi. Ukweli ni kwamba niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaitia ndani ya Biblia yangu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma Biblia ya Kabura.

Uliniomba kanda. Ulisema wajukuu zako hapo Leicester hawaamini kwamba uliwahi kuimba, na yule Murugi mdogo anayebeba jina lako, ambaye sasa yuko kwenye kwaya ya shule, anakutazama unavyonong'ona na kucheka kwamba bibi yake, cucu, anatunga hadithi. Ukataka wasikie angalau wimbo mmoja. Hilo lilikuwa ombi.

Kisha ukaniuliza swali. Uliniandikia kwamba jirani yako, yule mama wa Kihindi, aliomboleza wiki nzima mwezi wa Machi kwa sababu ya kifo cha Indira Pagnis. Ulipomuuliza kama marehemu ni jamaa yake, akakushangaa, akakuletea sahani za santuri za marehemu mumewe. Ukaona picha ya mwigizaji mrembo juu, na chini yake, kwa herufi nene, jina la mwanamke mwingine aliyeimba. Akakueleza kwamba kwao mwigizaji huchezesha mdomo tu, na kila mtoto anajua sauti ni ya nani. Ukamaliza barua yako kwa maneno mawili: Muriithi, ulijua?

Nilijua.

Nimeliandika hapo peke yake ili nisipate mahali pa kulificha. Sasa niruhusu nikueleze nilijuaje, maana hata hilo sijawahi kukwambia.

Unaikumbuka sinema ya Mzee Harshad pale mjini, ambako niliendesha mashine miaka kumi na mmoja. Jumapili baada ya ibada watu walijaa hadi ngazini kutazama filamu za lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua, na wanawake wa Gatitu walilia pale pale panapotakiwa kulia. Kila shujaa tulimwita staringi, na ilijulikana kwamba staringi hafi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniletea chakula cha mchana kwenye kile chumba cha mashine, ukisimama kwenye kitundu cha ukuta kutazama, huku ukiimba pamoja nao maneno usiyoyaelewa.

Mzee Harshad alikuwa na majarida kutoka Bombei, yamerundikwa hadi dirishani. Nikisubiri kubadilisha mkanda, yeye hukaa juu ya debe akinywa chai ya tangawizi na kunisomea. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha ya watu wale kuliko nilivyojua ya wajomba zetu. Nilijua nani alikimbia kwao akiwa na shati moja, nani aliolewa na nani kwa siri, nani alijenga jumba karibu na bahari akafa hana hata wa kumfungulia dirisha.

Aliyempenda zaidi ni mtunzi mmoja, Govindrao Kelshikar, mtoto wa mpiga ngoma wa hekalu. Huyo alilala kwenye ngazi za studio miaka miwili akingoja mtu amsikilize. Akaja kutunga muziki wa filamu zaidi ya mia, na mtindo ulipobadilika wakamtupa, akamalizia maisha katika chumba cha kupanga na kinanda kilichong'oka funguo. Mimi nilimwonea huruma sana. Nilikuwa kijana, nikidhani kufa maskini ndilo jambo baya kuliko yote yanayoweza kumpata mtunzi.

Na Indira Pagnis alikuwa ameharibiwa uso na ndui akiwa mtoto. Hakuna aliyetaka kumpiga picha. Akawa anaimba nyuma ya wengine, na mwanzoni hata huko kwao jina lake halikuandikwa popote. Kwenye sahani waliandika jina la mhusika wa filamu. Basi siku moja Kelshikar akamaliza kurekodi wimbo naye, akauchukua ule mkanda, akaenda nao nyumbani, akasema hautoi mpaka jina la huyu mwanamke lichapwe kwenye sahani na litajwe redioni. Wenye filamu wakaja na matusi, kisha na peremende, kisha na polisi. Siku tisa aliukalia. Siku ya kumi wakaandika jina. Mzee Harshad alipofika hapo kila mara alipiga goti lake kwa kiganja. "Sikia, Muriithi," aliniambia, "sura iko bure. Sauti ndio mtu. Jina iko pale chini, kubwa kabisa."

Hayo niliambiwa mwaka wa 1983. Kanda yako tulirekodi 1988. Hesabu mwenyewe.

Siandiki haya kukukumbusha yaliyokuuma, lakini lazima niyaseme kwa mpangilio, maana nimeyazungusha kichwani miaka mingi hadi yakaanza kunitetea. Ulikuwa na miaka ishirini na mitatu na mimba ya miezi sita. Wazee wa kanisa walikuwa wamekutenga. Hukuruhusiwa kushiriki meza ya Bwana wala kuimba kwaya, na ulikaa benchi la nyuma na wageni. Aliyekupa hiyo mimba aliendelea kuimba besi mstari wa mbele, na sauti yake ilikuwa kama ya mbuzi mwenye homa.

Wewe ulikuwa na nyimbo sita ulizozitunga mwenyewe ukikama ng'ombe. Mimi nilikuwa na tamaa ya kuitwa produsa. Nilijua kanda ya injili ya msichana aliyetengwa haitachezwa katika nyumba yoyote ya Mkristo kutoka hapa hadi Embu. Ndipo nikamfikiria Sophie wa Kangema, binti wa mzee wa kanisa, mwenye meno mazuri na gauni jeupe. Wewe utaimba, yeye ataonekana.

Nakumbuka tulikuwa ndani ya zizi. Hukubisha. Uliendelea kukama, ukauliza bila kuinua kichwa, "Na jina yangu?"

Nikakujibu, "Murugi, hata huko Bombei iko hivyo. Mwenye kuimba haonekani na hajulikani. Hiyo ndio kazi yake."

Uliniamini. Katika ukoo wetu wote, mjuzi wa Bombei alikuwa ni mimi. Nilichukua nusu ya desturi ya wale watu, ile iliyonifaa, na nusu nyingine nikaiacha kwenye chumba cha mashine na yale majarida.

Ni kweli nilikuahidi kwamba ukirudishwa kundini nitaliandika jina lako. Ukarudishwa Desemba mwaka uliofuata, ukasimama mbele ya watu peke yako kuomba msamaha kwa kosa la watu wawili. Wakati huo kanda ilikuwa imeshika moto. Iliimba harusini, matangani, kwenye maduka ya Kiriaini siku ya soko, duka hili likimaliza upande wa kwanza lile linaanza. Nikakwambia tungoje toleo lijalo. Yalitoka matoleo manne, Murugi. Nilibadilisha picha, nikabadilisha rangi ya herufi, Sophie akabadilisha gauni. Jina nililiacha vile vile.

Mzee Harshad alinunua moja. Alisikiliza wimbo wa kwanza tu, akanijia chumba cha mashine akaiweka mezani. "Hii msichana ya picha hapana imba," akasema. "Iko dada yako, ile naleta chakula. Jina iko wapi?" Nikamwambia ni mambo ya kanisa, Mhindi hawezi kuyaelewa. Alitikisa kichwa akatoka. Hakunisomea tena jarida lolote hadi alipofariki, na mimi kwa ujinga nikadhani amechoka macho.

Sasa nifike Kiriaini, ingawa ningependa barua hii ipite njia nyingine.

Ulikuwa mkutano wa injili uwanjani, mwaka wa 1991. Sophie jukwaani, mimi pembeni kwenye mashine ya kanda, na wewe katikati ya watu na Wachuka mgongoni, maana ulikuwa umekuja kumtembelea Mwai. Sikujua uko pale. Katikati ya ubeti wa pili stima ikapotea. Mashine ikanyamaza. Sophie akabaki na mdomo wazi na mkono juu, na uwanja mzima ukamtazama.

Kisha wimbo ukaendelea. Uliushika pale pale ulipokatika, kwenye neno lile lile, bila kutafuta sauti. Watu wakageuka. Naamini hukufanya kwa shari. Nadhani ulimhurumia Sophie, au wimbo ulikutoka tu kama ulivyozoea kukutoka zizini. Waliokuwa karibu nawe wakaanza kunong'onezana, na mama mmoja akasema kwa nguvu, "Lakini hii ndio ile sauti!"

Hapo ndipo ningekuwa mtu. Ilikuwa nafasi ambayo hata Kelshikar hakupewa, maana yeye alipigana siku tisa, na mimi nilihitajika kusema sentensi moja. Kipaza sauti cha betri kilikuwa mkononi mwangu. Nikakiinua, nikasema, "Tumpigie makofi huyu mama anayejaribu kumuiga dada Sophie."

Wakapiga makofi, wakacheka. Nawe ukanyamaza. Niliona ukimpandisha mtoto vizuri mgongoni na kuondoka polepole ukipita kando ya maduka. Tangu siku hiyo sijakusikia ukiimba, si zizini, si kanisani, wala kwenye mazishi ya mama, ambapo watu walikuomba na wewe ukasema una mafua. Miaka mitano baadaye ukapanda ndege. Watu wakasema Murugi ameenda kutafuta maisha, na mimi nikaitikia pamoja nao.

Nimejaribu kuwalaumu wazee wa kanisa. Walistahili, lakini hawakuwa na kipaza sauti. Nimejaribu kusema nilikuwa kijana. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Nilifanya hivyo kwa sababu nilipenda kusimama kando ya ile mashine, watu wakiniita produsa, na niliogopa kuonekana mwongo. Najuta, dada yangu. Nilijuta siku ile ile nikirudi Nyeri, na kwa kuwa sikulisema siku ile, kila siku iliyofuata ikawa ngumu zaidi kulisema, hadi nikazoea kuishi nalo kama hili goti.

Kuhusu ombi lako. Kanda zangu zote ziliharibika; nyingine zilishika ukungu, nyingine nilirekodi mahubiri juu yake. Mwezi wa Juni nikaenda Kangema kumtafuta Sophie. Ni mjane sasa, ana shamba la majani chai na miguu inamuuma kama mimi. Alinikaribisha chai, nikamsomea barua yako. Nilitegemea aone aibu au anikasirikie. Badala yake akaniambia jambo ambalo sikuwahi hata kulifikiria.

"Unajua sijawahi imba tena mbele ya watu?" akasema. "Ile siku kanda ilitoka, ndio siku nilifungwa mdomo. Ati nikiimba kanisani watu watasikia sauti yangu vile iko. Miaka thelathini na saba nimekuwa nikichezesha mdomo tu, hata mbele ya Mungu. Mama yangu tulimzika nikichezesha mdomo. Na mimi nilikuwa napenda kuimba, Muriithi. Sikuwa mzuri kama Murugi, lakini nilikuwa napenda."

Aliingia chumbani akatoka na kanda moja aliyoifunga kwa kitambaa cha mezani. Akasema uichukue, ni yako, na nikwambie kwamba yeye hakukuibia kwa kupenda. Tulipoagana, alinisindikiza hadi lango na akanishika mkono muda mrefu.

Nimeisikiliza mara moja tu. Sauti yako ni nzuri kuliko nilivyokumbuka, na nilikuwa nikiikumbuka kama nzuri sana. Katika wimbo wa tatu unavuta pumzi kabla ya kiitikio, pumzi fupi ya mtu mwenye mimba. Nilimwita Kabura aje asikie. Alisikiliza hadi mwisho akanitazama, kisha akaenda kulisha kuku bila kusema kitu, na unajua Kabura si mtu wa kunyimwa la kusema.

Niliona pia kwenye simu mazishi ya huyo Indira Pagnis. Mwigizaji aliyekuwa akichezesha mdomo kwa nyimbo zake, sasa bibi wa kiti cha magurudumu, aliletwa mbele akainama akagusa miguu ya marehemu. Na kwenye maua walikuwa wameweka picha ya Kelshikar. Kumbe yule niliyemwonea huruma kwa chumba chake cha kupanga hakuwa wa kuonewa huruma.

Kanda utaletewa na Phoebe, yule nesi mwenzako, anayerudi huko Jumamosi. Nimemkabidhi mkononi. Karatasi ya jalada yenye picha nimeitoa, nikaandika nyingine kwa mkono wangu: nyimbo sita, mtunzi Murugi, mwimbaji Murugi. Herufi zangu zinatetemeka siku hizi, lakini nimeziandika kubwa.

Msalimie sana Wachuka na mumewe, Murugi mdogo na ndugu zake, na yule mama wa Kihindi, umpe pole zangu. Kabura anakusalimu na anauliza kama huko kuna majani ya kuchemsha kwa ajili ya koo, vinginevyo atatuma. Mwai na watu wote wa Kiriaini wanakusalimu. Sophie pia ameniomba niandike jina lake hapa. Mungu akulinde usiku na mchana, akurudishie nguvu, na akikurudishia sauti, aifanye ya kuwaambia watu ukweli, hata kama ni juu yangu.

Lipo jambo moja zaidi kuhusu hiyo kanda, na ulijue kabla hujawakusanya watoto. Kabla ya wimbo wa kwanza nilikuwa nimerekodi tangazo, nusu dakika hivi, kwa ile sauti yangu ya kuiga watangazaji wa sinema. Fundi wa hapa mjini aliyeisafisha aliniambia anaweza kuikata sehemu hiyo na hakuna atakayejua. Nilimkataza. Kwa hiyo utakapobonyeza, hutaanza kujisikia wewe. Utasikia mwanamume akisema kwa majivuno kwamba sasa anaimba dada Sophie wa Kangema. Usiipeleke mbele. Waache watoto wasikilize hadi mwisho, kisha waambie huyo ni babu yao, guka Muriithi, kaka yako, na anadanganya.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukukosea,

Muriithi